Zamu ya Kasri la Addya

Sehemu ya tisa

Kiti kilikuwa miguu juu, na Nirupama Addya alikuwa amepiga magoti mbele yake. Hapo ndipo tulipokatia. Wageni kumi na mmoja wamemzunguka, binamu yake Ghontu ametoa macho, na yeye anatazama kibandiko kilicho chini ya kiti kile cha dhahabu ambacho, kwa maneno ya Ghontu, malkia wa Ulaya alikikalia mwaka wa mafuriko makubwa akanywa sharubati ya embe mbichi.

Nirupama alisoma kwa sauti ile ile anayotumia kuwasomea watalii vibao vya makumbusho.

"'Bhabatarini na Wanawe, Mapambo ya Harusi. Kiti cha bwana harusi, nambari kumi na nne. Kirudishwe Jumamosi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mchuzi ukimwagika, aliyekodi atawajibika.'"

Bwana mmoja wa Nagpur, aliyekwisha kupigwa picha sita akiwa amekalia kiti hicho, aliishusha simu yake taratibu.

"Kwa hiyo malkia hakukaa hapa?" mkewe aliuliza.

"Hapa wamekaa mabwana harusi, mama," Nirupama alijibu. "Wengi. Nusa kitambaa. Ni samaki."

Mwanamke yule alinusa. Wageni wakaangua kicheko.

Kwa msomaji ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hajalisoma, mambo ni haya. Kasri la akina Addya, kaskazini mwa Kolkata, lina vyumba sitini na viwili, warithi kumi na saba, na ua mmoja. Warithi kumi na watano wamekwisha kukubaliana na mjenzi Tarapada Kolay, anayetaka kulibomoa asimamishe ghorofa kumi na nne. Lakini vyumba ni vya warithi. Ua si wa mtu. Babu mkuu aliuandika kuwa mali ya Mama Durga, mungu wa kike wa ukoo, akaamuru kwamba atakayeusemea ni mmoja tu: mwenye zamu ya ibada kwa mwaka huo. Zamu hupokezana kati ya matawi mawili ya ukoo, mwaka huku, mwaka kule. Bila saini ya mwenye zamu, Tarapada hawezi kung'oa hata tofali moja.

Na saini hiyo hiyo, ikitiwa kwenye karatasi nyingine, italiingiza kasri katika orodha ya vivutio vya jiji. Likishaingia, hakuna tingatinga litakalovuka lango lake.

Saini moja, karatasi mbili. Mkaguzi wa orodha alitarajiwa saa tano asubuhi. Sasa ilikuwa saa nne na nusu.

"Dada Niru," Ghontu alisema, akijaribu kucheka na wageni, "wewe nawe! Kiti cha asili kiko kwa fundi. Hiki ni cha kushikilia nafasi tu."

"Na upanga ule ukutani?"

"Upanga ni wa kweli."

"Una kamba ya plastiki kwenye mpini, Ghontu."

Ghontu ana miaka sitini na mitatu, ana tumbo, ana mvi, na bado anaitwa kwa jina alilopewa akiwa kwenye mbeleko. Kila Ijumaa na Jumamosi huuza matembezi aliyoyaita Makasri Yaliyosahaulika. Nirupama, aliyewatembeza watalii kwa kibali cha serikali miaka ishirini na saba, alikuwa akisema kwamba kasri lililosahaulika ni lile ambalo Ghontu hajajua bado kama lina mlango.

Wageni wenyewe hakuwaheshimu zaidi. Amewaona wakitokwa na machozi mbele ya jumba la marumaru nyeupe lililojengwa kumkumbuka malkia ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hii. Amewaona wakipiga picha riksho, na anayeivuta wasimuulize hata jina. Amewaona wakinunua mashada ya maua chini ya daraja la chuma na kuyatupa kabla ya kufika hotelini. Kivutio, kwa kauli yake, ni mahali ambapo mtu hulipa ili aambiwe kwa sauti kubwa jambo alilokuja akiliamini kimakosa.

Lakini mmoja katika wageni hakucheka.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya turubai na mwavuli mweusi. Tangu matembezi yaanze hakuwa amepiga picha hata moja. Sasa alifungua daftari.

"Kishike hivyo hivyo," alimwambia Nirupama. "Nambari kumi na nne, siyo? Na duka linaitwaje?"

"Unaandika ya nini, mama?"

"Ya ripoti." Mwanamke alifunika kalamu yake. "Naitwa Suhasini Mohapatra, daktari wa historia. Mimi ndiye mkaguzi wa orodha ya vivutio. Nilipaswa kufika saa tano, nikaamua kuja mapema na kukata tiketi kama watu wengine. Nyumba inayomngoja mkaguzi huwa imekwisha kuoga."

Nirupama alikishusha kiti. Kilikuwa chepesi mno kwa kiti cha dhahabu.

Hakuna aliyemdanganya mkaguzi vibaya kama Ghontu, na hakuna aliyemthibitishia uongo huo vizuri kama Nirupama mwenyewe. Kibandiko kile amekisoma yeye, kwa kinywa chake, herufi kwa herufi.

"Daktari Mohapatra," alisema, "huu ni upuuzi wa binamu yangu. Nyumba ni kitu kingine."

"Kila nyumba ni kitu kingine, bibi. Wiki hii nimeonyeshwa vitanda viwili alivyolalia mshairi mmoja, usiku mmoja, katika mitaa miwili. Nimeonyeshwa bafu la jenerali lenye mabomba yaliyotengenezwa mwaka jana. Wewe una nini?"

"Nina mti."

"Mti?"

"Kiunzi cha mbao. Kila mwaka Mama hufinyangwa kwa udongo na majani makavu juu ya kiunzi, na ibada ikiisha hupelekwa mtoni. Udongo huenda na maji. Nyumba nyingine hununua kiunzi kipya. Sisi huwa tunakivua kilekile na kukirudisha. Kila mwenye zamu hukitia chale moja kwa patasi. Nimezihesabu mara tatu, siku tofauti: mia mbili na kumi na tisa. Hakuna mwaka uliorukwa, hata wa njaa, hata wa vurugu. Ni kibaya, kimepinda, na hakuna mtalii aliyewahi kuomba kukiona."

Suhasini Mohapatra alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayezungumza na mtu.

"Kinionyeshe," alisema.

Wakashuka uani, wageni wote nyuma yao, maana walikuwa wamelipia. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika na maji yalikuwa yakidondoka kwenye nguzo. Shangazi Hemnolini, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa ameketi kwenye kibaraza akikata popoo. Shangazi huyu ni kiziwi siku anazopenda.

Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa kiunoni kwa Ghontu.

"Fungua," Nirupama alisema.

"Siwezi, dada."

"Huwezi, au hutaki?"

"Mwenye zamu haamrishwi. Na mwenye zamu ni mimi."

"Zamu yako imekwisha leo, saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Nipe ufunguo."

"Kwa kitabu chenu!" Ghontu aliwageukia wageni, mikono hewani, kama mwamuzi aliyeonewa. "Kwa kitabu chetu ni saa tisa na dakika kumi alasiri. Sasa ni saa ngapi, jamani? Si saa tano bado?"

Mkaguzi alifumba macho kidogo, kama mtu anayesikia jino la zamani likianza tena.

"Vitabu viwili," alisema.

"Vitabu viwili," Nirupama alikiri.

Ni hivi. Zamu hubadilika kwenye sikukuu ya kukokota Gari la mungu Jagannath, saa ile ile siku ya pili ya mwezi mchanga inapoingia, na siku ya mwezi huweza kuingia saa yoyote. Mwezi ni mmoja, lakini vitabu vya kalenda ni viwili. Tawi la wakubwa, la akina Nirupama, hufuata kitabu cha zamani, chenye hesabu za mababu. Tawi la wadogo hufuata kile kilichosahihishwa. Babu yake Ghontu hakukichagua kwa kuwa alijua nyota. Alikichagua kwa kuwa kaka yake alikuwa na kile kingine. Tangu hapo nyumba moja imekuwa na Jumatatu mbili, mifungo miwili, na safari moja maharusi wawili waliofikishwa langoni kwa saa zinazogombana. Na leo, kwa muda wa saa tano na dakika ishirini na mbili, ua mmoja ulikuwa na wenye zamu wawili.

"Shangazi!" Ghontu aliita. "Zamu ni ya nani?"

"Nini?" Shangazi Hemnolini alisema.

"Zamu! Ya nani?"

"Chai nimekwisha kunywa, mwanangu. Mungu akubariki."

Bwana wa Nagpur alikuwa ameanza kupiga picha tena. Hii, alimwambia mkewe, ilikuwa bora kuliko kiti.

"Nisikilizeni," alisema Suhasini Mohapatra. "Nimekagua nyumba za Wabengali miaka kumi na miwili. Nimeona mbili zikiangushwa na mvua na tisa zikiangushwa na vitabu vya kalenda. Fomu yangu ina nafasi ya jina moja. Mkibishana, naandika 'ina mgogoro', na nyumba yenye mgogoro hairudi mezani kwangu mpaka ipite miaka mitano. Saa sita kamili naondoka. Nina bafu jingine la kwenda kuangalia."

Miaka mitano. Nirupama alitazama juu, upande wa magharibi, ambako paa lilikuwa limebinuka kama mgongo wa ng'ombe mzee. Halikuwa na miaka mitano ndani yake. Halikuwa na miwili. Likianguka, manispaa itaiita nyumba hatari, na nyumba hatari hubomolewa bila saini ya mtu yeyote.

"Basi niandike mimi," alisema Ghontu.

"Wewe?" Nirupama alisema. "Uliyemletea mkaguzi kiti cha harusi?"

"Nilitaka kuipendezesha nyumba! Wageni hawapandi ngazi sabini kuja kuangalia mti, dada. Wewe ukiwapeleka makumbusho huwasomea urefu wa mlango kwa inchi. Wanasinzia kwa miguu."

"Wanasinzia wakiwa na jambo la kweli kichwani."

"Wanasinzia, lakini!"

Kicheko kingine. Nirupama hakukijali. Alikuwa akifikiri, na kilichomkera ni kwamba fikra ilikuwa imekwisha kufika mwisho kabla ya yeye kutaka.

Kitabu cha kwao kilikuwa na makosa.

Alilijua hilo tangu akiwa chuoni. Hesabu za mababu zilikuwa nzuri kwa zama zao, lakini mwezi umekuwa ukizipita kidogo kidogo kwa karne nyingi, na sasa zimeachwa kwa saa kadhaa. Kitabu chenyewe kinalijua. Kwenye kurasa za kupatwa kwa mwezi huazima kimyakimya hesabu za wapinzani wake, kwa sababu siku hiyo watu wote hutazama juu na uongo utaonekana. Siku nyingine zote hakuna anayetazama.

Kwa mwezi halisi ulioko mbinguni, siku ya pili ilikuwa bado haijaingia. Zamu ilikuwa bado ya tawi la wadogo. Mpumbavu, akiwa na kitabu alichorithi kwa ugomvi, alikuwa sahihi.

Wako watu ambao hapo wangesema uongo kwa ajili ya nyumba yao, na wangelala vizuri. Nirupama aliwadharau watu hao kwa miaka ishirini na saba, kwa mshahara. Hakuona namna ya kujiunga nao saa tano na robo ya asubuhi.

"Ghontu," alisema. "Nikikiri kwamba zamu ni ya tawi lenu, utafungua mlango?"

Ghontu alipepesa macho. "Utakiri?"

"Nimekuuliza."

"Nitafungua."

"Na utatia saini?"

"Dada Niru." Ghontu aliweka mkono kifuani. "Mimi nikiwa mwenye zamu, nitatia saini leo hii hii, mbele ya watu hawa wote."

Mtu makini angeuliza: saini ipi? Nirupama alikuwa mtu makini kuliko wote waliosimama pale. Hakuuliza. Dharau ina ubaya huo; humfanya mwenye akili amsikilize mjinga nusunusu.

"Daktari, andika," alisema. "Kitabu cha tawi letu kimekosea kwa saa tano na dakika ishirini na mbili. Zamu ni ya tawi la wadogo mpaka saa tisa na dakika kumi alasiri. Nakiri kwa hiari yangu. Nipe nitie jina."

Akatia jina. Suhasini Mohapatra akatia lake kama shahidi, kisha bwana wa Nagpur naye akaomba kutia lake, kwa kuwa alikuwa karani wa mahakama mstaafu na mkono ulimwasha.

Ghontu aliichukua karatasi. Aliisoma mara mbili. Na uso wake ukabadilika taratibu, mpaka Nirupama akaona mtu ambaye hajawahi kumwona: binamu yake, akiwa ametulia.

"Unajua, dada," alisema kwa upole, "wewe husema mimi mjinga tangu tukiwa darasa la tatu. Hebu nikuulize kitu kimoja. Mtu anayetaka kudanganya watu kwa kiti cha kukodi, hufanya nini kwanza?"

Akajijibu mwenyewe.

"Huondoa kibandiko."

Maji yalidondoka kwenye nguzo.

"Mimi nilikiacha," Ghontu aliendelea. "Nilijua utakipindua. Huwezi kuona kitu bila kukitazama chini, wewe. Na daktari hapa, nani alimtumia barua kumwambia matembezi huanza saa nne? Nilijua ukikiaibisha kiti utaona haya, ukiona haya utakimbilia mti wako, na mti uko nyuma ya mlango wangu. Mimi ningesema zamu ni yangu miaka kumi, ungebisha, na mwanasheria hataki saini inayobishiwa. Lakini ukisema wewe! Jiji zima linajua Nirupama Addya hasemi uongo hata kwa daktari wa meno."

Akageuka kuelekea lango.

"Kaka Tarapada! Ingia, mambo tayari!"

Tarapada Kolay aliingia akiwa na viatu vyeupe, mwanasheria mwembamba, na masanduku manne ya vitamu vya maziwa. Alivinunua kabla ya kujua matokeo, au labda aliyajua. Alianza kuwagawia wageni.

"Chukueni, chukueni. Dada Nirupama, usininunie. Ghorofa ya tatu nimekuwekea vyumba viwili vyenye upepo. Na chini, penye ua huu huu, tutaweka kibao cha shaba: hapa palikuwa na kasri. Watalii wapige picha."

"Kibao," Nirupama alisema.

"Kikubwa. Utakiandika wewe mwenyewe, kwa inchi."

Suhasini Mohapatra alikuwa amefunga daftari. "Fomu yangu bado ninayo," alimwambia Ghontu kwa sauti kavu. "Hujatia saini."

"Ondoka nayo, mama. Hii ndiyo ninayotia mimi." Ghontu alikuwa na kalamu tayari. Mwanasheria alitandaza karatasi kwenye kibaraza, mbele ya miguu ya shangazi, akaonyesha mahali kwa kidole.

"Na muhuri," mwanasheria alisema. "Kwa mujibu wa wasia, ua hausemewi bila muhuri wa Mama."

"Uko ndani, chini ya kiunzi. Dakika moja." Ghontu alifungua shada la funguo kiunoni.

Nirupama alisimama mbele ya mlango. Hakuwa na hoja yoyote. Alikuwa na mwili tu, kilo hamsini na mbili, na mwenyewe alijua kwamba hiyo si hoja.

"Nipishe, dada. Wewe mwenyewe umeandika."

Alimpisha. Alikuwa ameandika.

Ufunguo uliingia, ukazunguka, kufuli likafunguka. Ghontu akasukuma mlango.

Mlango haukwenda.

Akasukuma kwa bega. Kwa ndani kitu kizito cha mbao kililia kwenye pete zake za chuma. Komeo lilikuwa limetiwa.

"Nani amefunga?" Ghontu alisema. "Nani yumo humo?"

Ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye mkwaruzo, isiyo na haraka:

"Mwenye zamu."

Funguo zilimponyoka Ghontu zikaanguka kwenye jiwe. Hakuinama kuziokota. Rangi ilikuwa imemtoka usoni hata bwana wa Nagpur akamsogezea ule mwavuli wa mkaguzi ajishikize.

"Haiwezekani," alisema. "Shemeji Shoilobala amefariki. Amefariki Kashi, huko waendako wajane kufa. Miaka minne sasa. Nilimfanyia matanga hapa hapa uani."

"Nilisikia," sauti ilisema nyuma ya mlango. "Watu mia mbili, na mikate ya kukaanga ikaisha kwenye safu ya nne. Hata kifo changu ulikifanyia ubahili, Ghontu."

"Marehemu ni nani?" Suhasini Mohapatra aliuliza. Kalamu ilikuwa imerudi mkononi.

Nirupama alijibu. "Mke wa kaka mkubwa wa Ghontu. Kaka alipofariki, zamu ya tawi la wadogo ilimwangukia mjane. Ghontu aliipata baada ya… baada ya taarifa kutoka Kashi."

"Na hii taarifa ilikuwa ya namna gani?"

"Aliileta Ghontu."

"Kaka Ghontu," Tarapada alisema. Sauti yake haikuwa na vitamu tena. "Uliniambia tawi lenu ni wewe peke yako."

"Ni uongo! Ni mwanamke tu wa kukodiwa!" Ghontu aliupiga mlango kwa kiganja. "Nani amemwingiza? Nani?"

"Mimi," Shangazi Hemnolini alisema, na popoo likakatika vipande viwili. "Alfajiri, kwa mlango wa nyuma wa kuhani. Acha kupiga kelele, mwanangu, si kiziwi mimi."

Nirupama alisogea mpaka akaweka kiganja kwenye mbao. Zamu ni ya tawi la wadogo: ameandika mwenyewe, mkaguzi ameshuhudia. Na tawi la wadogo lilikuwa ndani, hai.

"Shemeji," alisema. "Ni mimi, Niru. Umesikia yote. Nyumba iko mkononi mwako. Fungua, utie saini fomu ya daktari, tuiokoe."

"Tuiokoe?" Kicheko kifupi kilipita kwenye ufa. "Niru, wewe uliyesoma. Wewe unayepindua viti vya watu kusoma chini. Siku ya matanga yangu ulikaa wapi?"

"Safu ya tatu."

"Mikate uliipata?"

"Niliipata."

"Cheti changu cha kifo ulikiona?"

Nirupama alizirudia siku zile kichwani.

Hakukiona. Hakukiuliza. Ghontu alikuja na tarehe, na jina la mto, na kichwa kilichonyolewa, naye akaketi safu ya tatu akala, kwa kuwa mjane aliyekwenda Kashi hufa, ndivyo inavyokuwa, na hakuna anayepindua hadithi ya namna hiyo kutazama chini yake.

"Hapana," alisema.

"Miaka minne nimelala kwenye ukumbi wenye wajane arobaini, nikingoja mmoja wenu aje hata kuulizia majivu. Ghontu mwizi, hilo nilijua. Wewe nilidhani ni mtu wa ukweli." Komeo lilisogea kidogo, kisha likatulia pale pale. "Haya. Pitisheni karatasi zote mbili chini ya mlango. Kalamu ninayo, na muhuri nimeukalia. Nitasoma, kisha nitachagua nani kati yenu anaistahili nyumba hii, au kama yuko anayestahili."

Suhasini Mohapatra alitazama saa yake.

"Zimebaki dakika tisa," alisema, akamnyooshea Nirupama fomu.

Nirupama aliipokea. Lakini viatu vyeupe vilimpita. Tarapada Kolay alikuwa amekwisha kuinama. Aliipenyeza karatasi yake chini ya mlango, na kabla hajaiachia vizuri, mkono wa ndani ukaivuta.